Spika zinanguruma? Anza na soketi
Spika zikitoa "mmmm" hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa, usikimbilie kununua amplifaya nyingine. Chomoa kwanza chaja za simu na adapta ndogondogo zilizobanana na muziki kwenye ekstensheni moja. Hizo, pamoja na taa za kupunguza mwanga, ndizo huleta mikwaruzo na miluzi. Friji ikiwaka ukasikia "tap!" kwenye spika, ihamishie soketi ya mbali.

Mngurumo mzito usiobadilika ni kisa kingine. Mara nyingi vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vinapata ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) kwenye soketi tofauti, basi umeme kidogo unazunguka kati yao kwa Hz 50 au 60. Vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja, televisheni ikiwemo. Bado? Chomoa waya wa dishi au antena. Kukinyamaza papo hapo, mkosaji umempata. Mfungie kwenye waya huohuo kitenganishi cha ethi kinachoufaa, yaani kifaa kidogo kinachokata njia ya ethi lakini kinapitisha mawimbi.

Pini ya ethi usiikate, hata fundi akikushauri. Mngurumo utaisha kweli, ila siku kifaa kikiharibika, bodi lake la chuma litakupiga shoti. Na waya za sauti zisilale sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba.