Jinsi ya Kukadiria Nishati Anayohitaji Mtoto Anayenyonya

Mama anayenyonyesha haoni kiasi cha maziwa yanayomwingia mtoto, ndiyo maana hofu ya kwamba maziwa hayatoshi humpata hata yule ambaye mtoto wake anashiba vizuri. Hesabu fupi inaweza kumwondolea sehemu kubwa ya hofu hiyo, mradi aichukulie kuwa makadirio.

Mpime mtoto uzito akiwa uchi, kisha zidisha kilo zake kwa kiwango cha umri wake. Kwa makadirio ya FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa), WHO (shirika la afya duniani) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyochapishwa mwaka 2004, mtoto anayenyonya huhitaji kwa siku takriban kilokalori (kipimo cha nishati ya chakula) 100 kwa kila kilo katika mwezi wa kwanza, 90 hivi katika mwezi wa tatu, na karibu 80 kuanzia mwezi wa nne. Kiwango hushuka kwa sababu mwanzoni zaidi ya theluthi ya nishati hutumika kujenga mwili, ilhali karibu na mwaka mmoja ukuaji huchukua asilimia chache tu. Hivyo mtoto wa miezi minne mwenye kilo 6 anahitaji kilokalori 480 hivi kwa siku. Na kwa kuwa mililita 100 za maziwa ya mama zina wastani wa kilokalori 65 hadi 70, mililita 700 na kidogo zinamtosha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutotumia jedwali la watoto wanaolishwa maziwa ya kopo. Miili yao hutumia nishati nyingi zaidi, na mama akilinganisha humo ataona upungufu usiokuwepo, aanze kuongeza chupa, mtoto apunguze kunyonya, na maziwa yake yapungue kweli.

Baada ya hesabu, mtazame mtoto mwenyewe. Aliyezaliwa karibuni hupungua uzito kidogo, kisha kwa kawaida huurudia ndani ya wiki mbili; baada ya siku tano za kwanza hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Asipofikia hapo, mpeleke kwa mhudumu wa afya, ambaye atachunguza jinsi anavyoshika titi na kama ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili, kwani mafuta, yenye nishati nyingi, huongezeka kadiri titi linavyopungua maziwa.

Akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha huku ukimwanzishia chakula cha nyongeza: takriban kilokalori 200 kwa siku hadi mwezi wa nane, 300 kutoka mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja, na 550 katika mwaka wa pili. Chakula hicho kiwe kizito kiasi cha kutomwagika kijikoni, kwa maana tumbo lake ni dogo na chakula cha majimaji hulijaza kabla nishati haijatosha.