Kufungamanisha kyubiti mbili: somo la kalamu na karatasi

Ndugu wanakikundi, leo hatuhitaji kompyuta ya kwanta, bali kalamu na ujuzi wa kufungua mabano.

Hatua ya 1. Chukua kyubiti mbili (kyubiti ni biti ya kwanta, inayoweza kuwa 0, 1 au mchanganyiko wa zote mbili) zenye hali 00, yaani zote zikiwa 0, kisha ipitishe ya kwanza kwenye lango (hatua ya kubadili hali) la Hadamard, ambalo hugeuza 0 kuwa (0 + 1)/√2 na 1 kuwa (0 − 1)/√2. Utapata (00 + 10)/√2.

Hatua ya 2. Pitisha jozi kwenye lango la CNOT, ambalo huigeuza kyubiti ya pili pale tu ya kwanza inapokuwa 1. Utapata (00 + 11)/√2.

Hatua ya 3. Jaribu kuitenganisha kwa kuandika (a0 + b1)(c0 + d1). Ili 01 isiwepo, ad lazima iwe sifuri, na hapo ama ac ama bd nayo hufutika, ilhali tunazihitaji zote mbili. Jozi ina hali kamili; kyubiti mojamoja haina ya kwake. Huko ndiko kufungamana.

Hatua ya 4. Hapa msiharakishe. Doti ya kanga ikikatwa Mtwara, kipande kimoja kikapelekwa Lindi, anayefungua mzigo kule akiona bluu anajua kilichobaki pia ni bluu, na hakuna la ajabu katika hilo. Tofauti hujitokeza ukizipitisha kyubiti zote mbili kwenye Hadamard kabla ya kuzipima: 00 huwa (00 + 01 + 10 + 11)/2, na 11 huwa (00 − 01 − 10 + 11)/2, hivyo ukizijumlisha na kugawanya kwa √2, 01 na 10 hufutana na hali ileile hurudi. Jozi za mfano wa kanga, zilizoandaliwa kwa bahati nasibu nusu 00 na nusu 11, hazina kinachofutana, kwa hiyo matokeo yote manne hutokea kwa uwezekano wa 1/4 kila moja.

MASWALI

Mwanakikundi, Masasi: Shikamoo mwalimu. Je, aliyeko Lindi anaweza kupokea ujumbe papo hapo kwa njia hii?

Marahaba. Hawezi, kwa sababu yeye huona 0 na 1 nusu kwa nusu, mwenzake afanye lolote Mtwara. Kulingana hujulikana baada ya kupigiana simu na kusomeana matokeo.

Mwanakikundi, Nachingwea: Huenda majibu yalikuwa yamefichwa ndani tangu mwanzo?

Wazo hilo linakaribiana na hoja ya Einstein, Podolsky na Rosen ya mwaka 1935. Mwaka 1964 John Bell alithibitisha kwamba majibu yaliyofichwa hivyo, pasipo upande mmoja kuuathiri mwingine, yana kikomo cha kulingana. Katika kipimo kilichopendekezwa na Clauser na wenzake mwaka 1969, kikomo hicho ni 2, ilhali kyubiti zilizofungamana hufika 2√2, yaani takriban 2.83. Majaribio yamekivuka, na mwaka 2022 Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mwanakikundi, Newala: Nikianza na 10 badala ya 00?

Utapata (00 − 11)/√2, nayo imefungamana vilevile. Irudie hatua ya 4 kwa mkono wako: safari hii 00 na 11 ndizo zitakazofutana, na kyubiti zitapingana kila mara.