Jinsi ya kuomba namba za Argos kabla ya kumfunga kasa tagi ya setilaiti

Argos ni mfumo wa setilaiti unaopokea mawimbi ya tagi na kukadiria ilipo. Wengi hununua tagi kwanza, karatasi wakaziulizia baadaye. Anza na karatasi: namba ya utambulisho huingizwa ndani ya tagi na kiwanda chenyewe, na bila namba hiyo umenunua kopo la betri.

Kwa kasa wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, vibali vya nyumbani vitangulie: kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya Hifadhi ya Bahari ya kisiwa hicho. Tagi ni kifaa cha redio, kwa hiyo pitia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) pia kabla mzigo haujafika bandarini.

Kisha jaza ombi la kutumia mfumo kwa CLS, kampuni ya Toulouse, Ufaransa, inayoendesha Argos, mfumo ulioanza 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Watataka jina la msimamizi, taasisi, lengo, idadi ya tagi, muda na eneo. Panapokwamisha watu ni pale unapoulizwa kwa nini mfumo wa kawaida wa kibiashara haukufai. Usiandike "Argos ni bora". Eleza kwamba kasa huibuka kuvuta pumzi mara moja akazama. Tagi ina swichi inayohisi maji ya chumvi, hivyo hurusha mawimbi ikiwa juu tu. Na Argos hukadiria mahali kwa jinsi masafa ya mawimbi hayo yanavyobadilika setilaiti inapopita. Sentensi tatu zinatosha.

Ukikubaliwa unapewa namba ya programu. Hapo ndipo uombe namba za tagi, moja kwa kila kifaa, uzipeleke kiwandani.

Tagi ikifika, itoe nje penye anga wazi, bandua sumaku inayoizima, subiri setilaiti zipite, kisha angalia kwenye akaunti yako kama ujumbe umeingia. Rudisha sumaku! Mimi niliwahi kuisahau. Tagi ikakaa kwenye kreti ikirusha mawimbi, nami nikalipia safari ya kasa aliyekuwa bado hajapatikana.

Ufukweni, sugua gamba kwa msasa, likauke kabisa, ndipo upake epoksi, gundi ya kubandikia tagi.

Data zikianza kuja, tazama daraja la kila nukta, yaani kipimo cha usahihi wake. Daraja 3 lina kosa chini ya mita 250. Daraja B halina kikomo cha kosa. Kasa wako akionekana yuko katikati ya mji wa Kilindoni, nchi kavu, angalia kwanza herufi hiyo kabla hujampigia mtu simu.