Namna ya Kuitoa Simu Kitandani

Wengi wanaonijia wakilalamika kwamba usingizi hauji wamekwisha kuwasha kichujio kinachoifanya skrini kuwa ya manjano, kwa kuwa waliambiwa mkosaji ni mwanga wa buluu. Athari ya mwanga ni ya kweli: nyuma ya jicho zipo seli ambazo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba bado ni mchana, na rangi ya buluu ndiyo inayoziamsha zaidi, hivyo homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutoka. Hata hivyo, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, watu 12 waliosoma kwa muda wa saa nne kila jioni kwenye kishikwambi chenye mwanga wa juu kabisa walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Anayesinzia saa nane usiku ilhali alipanda kitandani saa nne hakucheleweshwa na dakika 10 hizo, bali na video na magumzo. Ndiyo maana ninaanza na sababu zinazoileta simu kitandani.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kwa wiki moja, bila kubadilisha chochote, andika kila asubuhi kwenye karatasi saa uliyopanda kitandani, saa uliyoiweka simu chini, na ulichokuwa ukikifanya nayo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, ni kuipokonya simu vyeo vyake vya usiku kimoja kimoja. Ikiwa ndiyo inayokuamsha kwa ajili ya sala ya alfajiri au basi la kwanza, nunua saa ya mezani yenye kengele. Ikiwa ndiyo taa yako umeme unapokatika, weka tochi karibu na mto. Ikiwa unakesha kwa sababu bando la usiku ni nafuu, tumia programu ya kupakua inayoweza kupangiwa saa ya kuanza, kisha uiache simu ifanye kazi hiyo peke yake ikiwa mbali nawe. Lipo pia jambo lisilopaswa kudharauliwa: mtu mwenye mzazi mgonjwa kijijini hawezi kuizima simu, wala simshauri aizime. Fungua mipangilio ya Usinisumbue, ruhusu namba za ndugu wachache zilie, na uruhusu pia anayepiga mara ya pili ndani ya muda mfupi asikike; ujumbe wa makundi utasubiri asubuhi.

Hatua ya tatu ni kuhamisha chaja. Wenye sebule waiweke huko, na wanaoishi chumba kimoja waiweke juu ya kabati au karibu na mlango, mahali ambapo mkono hauifikii bila mtu kusimama. Fanya hivyo angalau nusu saa kabla ya kulala.

Baada ya hapo, punguza mwanga wa skrini kuanzia jioni, na ukitaka uwashe hicho kichujio, ambacho kwa maoni yangu kimewafariji watu kuliko kilivyowalaza.

Hatua ya nne inahusu usiku ambao usingizi utagoma licha ya hayo yote. Ukikadiria kwamba dakika 20 zimepita, bila kutazama saa, ondoka kitandani, ukae penye mwanga hafifu na ufanye jambo lisilosisimua, kama kukunja nguo au kusikiliza redio kwa sauti ya chini, kisha urudi utakaposikia usingizi. Usiifuate simu, kwa sababu mwili unaozoea kukesha kitandani hukitambua kitanda kuwa mahali pa kukeshea.

Ukiendelea kukosa usingizi walau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, au ukiambiwa kwamba unakoroma na kukatika pumzi usingizini, nenda ukamwone daktari, na uichukue ile karatasi ya wiki ya kwanza, kwani maswali yake mengi yatakuwa yamejibiwa humo.