Jinsi ya kuomba kiraka chako kidogo cha keneli kipitiwe, ukiwa Mbeya

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) au fundi wa Mwanjelwa, umeona draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa) inayowasha saa ya kifaa (mapigo yanayokiendesha) kwa clk_prepare_enable, kisha hatua inayofuata ikishindwa, inarudisha kosa bila kuizima. Kurekebisha ni mistari michache. Kazi ni kuomba kiraka hicho (badiliko lako la msimbo) kipitiwe na wasimamizi wa keneli, yaani kiini cha Linux.

Anza na bando. Kushusha msimbo wa keneli kwa git clone --depth=1 ni nafuu, ila inakunyima historia, na bila historia humjui aliyeleta kosa. Tumia --filter=blob:none: historia unaipata, mafaili ya zamani yanashuka pale tu yanapohitajika.

Rekebisha. Wengi hukimbilia devm_clk_get_enabled, inayoiachia keneli kazi ya kuzima. Hapo tulia. Vitu vya devm (vinavyoachiliwa na keneli yenyewe) huachiliwa baada ya remove, kazi inayoitwa draiva inapoondolewa, kumaliza, cha mwisho kuombwa kikitangulia. Kama intarapti (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa) imeombwa kwa devm lakini saa inazimwa kwa mkono ndani ya remove, intarapti inaweza kuingia wakati saa imeshazimwa. Rejista (sehemu ya kifaa ambayo draiva huisoma na kuiandika) ikiguswa wakati huo, bodi nyingine huganda palepale. Ukihamia devm, futa pia clk_disable_unprepare ya zamani, la sivyo saa itazimwa mara mbili na keneli italalamika. Mpitiaji ataulizia mpangilio huu, kwa hiyo mjibu mapema kwenye maelezo ya kiraka. Kama bodi yenyewe huna, sema wazi umeijenga tu, hujaijaribu.

Chini ya maelezo weka Fixes: yenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lililoleta kosa, pamoja na kichwa chake. Kisha git commit -s iongeze Signed-off-by. Kwa mstari huo unathibitisha una haki ya kutoa kazi hiyo, kwa hiyo liwe jina unalojulikana nalo, si la kijiweni.

Toa faili kwa git format-patch, lipitishe kwenye scripts/checkpatch.pl inayokagua mtindo, uliza scripts/get_maintainer.pl nani apelekewe, ujitumie mwenyewe kwanza, halafu litume kwa barua pepe kwa git send-email. Usiambatishe faili.

Subiri walau wiki moja kabla ya kukumbusha. Hoja zijibu moja moja, kila jibu chini ya hoja yake. Toleo la pili lipe alama ya v2, na yaliyobadilika uyaandike chini ya mstari wa --- ndani ya faili la kiraka. Ukipewa Reviewed-by (alama kwamba mpitiaji ameridhika), ibebe kwenye toleo linalofuata. Ukibadilisha msimbo kwa kiasi kikubwa, iondoe.