Namna ya Kumsaidia Ndugu Mwenye Tatizo la Haiba ya Mpakani Anapozisoma Nyuso za Watu

Mdogo wangu wa kike, ambaye tunaishi naye Ujiji katika nyumba moja na mama, kaka yetu na watoto wangu, siku moja aliinuka mkekani na kuacha ugali wa muhogo na migebuka kwa sababu kaka alimtazama huku akitafuna. Kaka alikuwa ametoka ziwani alfajiri ile, macho yamemwiva kwa usingizi na kwa mwanga wa taa za kuvulia dagaa, wala hakuwa na neno na mtu. Mdogo wangu aliona chuki katika macho yale, akajifungia chumbani hadi jioni. Tulimwambia kwamba anajitafutia maneno. Miaka ilipita kabla daktari wa afya ya akili hajatueleza kwamba ana tatizo la haiba ya mpakani (haiba hapa ni hulka ya mtu; kwa Kiingereza huitwa borderline personality disorder), na kwamba namna anavyozitazama nyuso za watu ni sehemu ya tatizo hilo. Mwongozo huu ninauandikia familia nyingine za Kigoma zenye ndugu kama huyu, na mwenyewe ameusoma na kuridhia niuandike.

Jina hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu kwetu mkoani mtu akisikia neno mpakani akili yake inakwenda Manyovu na Burundi. Daktari wa Marekani Adolph Stern aliandika mwaka 1938 kuhusu wagonjwa aliowaona wako mpakani, kati ya maradhi mepesi ya nafsi na maradhi mazito ya akili, na jina likabaki ingawa maelezo yale ya zamani hayatumiki tena. Tatizo liliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwongozo huo una dalili tisa, na mtu huhesabiwa kuwa nalo akiwa na angalau tano: miongoni mwake ni hofu kubwa ya kuachwa, uhusiano unaopanda na kushuka ghafla, hisia zinazobadilika kwa saa chache, hali ya kujihisi mtupu ndani, hasira isiyozuilika, na kujiumiza au kutaka kujiua. Anayepima ni mtaalamu aliyefunzwa. Tafadhali usimpachike jina hili mkeo, binti yako au jirani kwa sababu tu ana hasira za haraka.

Kwanza fahamu macho yake yanafanya nini

Usianze na mazoezi kabla hujaelewa jambo hili, kwa maana familia nyingi, yetu ikiwamo, hudhani kwamba mgonjwa haoni vizuri au anazua. Ukweli ni kwamba anaona haraka na anaona mengi. Mwaka 1999 Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba inayotumika zaidi kwa tatizo hili, pamoja na mwenzake Amy Wagner, waliwaonyesha wanawake wenye tatizo hili picha za nyuso, wakakuta kwamba kwa ujumla walizitambua hisia vizuri, na nyuso za hofu walizitambua kwa wepesi kuliko wengine. Utafiti uliofanywa Heidelberg, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2013, ulipima mwendo wa macho ya wanawake wenye tatizo hili na kukuta kwamba, uso wa hasira ulipotokea, macho yao yalikimbilia sehemu ya macho ya uso ule haraka na mara nyingi zaidi kuliko ya wanawake wengine, huku amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kutambua hatari, ikiamka kwa nguvu zaidi. Hakuna mtu anayeamua hayo kwa makusudi, kwa kuwa yote hutokea kabla ya wazo kutimia.

Shida inaanzia kwenye uso usiosema kitu. Utafiti wa picha za ubongo wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba amigdala za wagonjwa ziliitikia kwa nguvu hata nyuso tulivu, na baadhi yao walieleza kwamba nyuso hizo ziliwatisha. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti kadhaa ulikuta kwamba katika aina zote za nyuso, walikokosea zaidi ni kwenye uso tulivu, ambao walielekea kuupa hisia usiokuwa nayo. Si tafiti zote zinazokubaliana katika kila jambo, na hali ya mtu siku ile huleta tofauti kubwa: akiwa tayari ana huzuni, jicho hunasa kwenye uso mbaya na kushindwa kubanduka. Hili la mwisho tumelishuhudia sana nyumbani, na ndilo lililonifundisha kumuuliza mdogo wangu asubuhi amelalaje kabla ya kumwambia lolote zito.

Wala tusidhani kwamba uso mkimya ni jambo dogo kwa mtu yeyote. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick aliwaomba kina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa uso usiotikisika hata kidogo, na kwa dakika chache tu watoto wale wazima walihangaika, wakajaribu kumchangamsha mama, kisha wakageuza nyuso zao. Kinachomtofautisha ndugu yako na wengine ni kiwango.

Lugha yetu nayo inachangia. Kiswahili kimejaa maneno ya uso: mtu hukunja ndita, hubetua midomo, hukata jicho, hununa, hukunjua uso, huwa na bashasha. Lakini asiyetabasamu tunamwambia amenuna, hata kama anawaza bei ya mafuta ya mawese, na tukisema ana macho makavu tunamaanisha hana haya. Mgonjwa anayeukuta uso usiosema kitu anapewa na lugha yenyewe jina la kosa. Nyumbani kwetu tulikubaliana kuuita uso huo "uso tulivu" na kuliacha kabisa neno "umenuna". Anza na hilo, kwa kuwa halina gharama na watoto hulishika siku hiyo hiyo.

Yaliyo juu ya familia

Jambo la kwanza ni kuutangaza uso wako kabla haujasomwa. Moshi wa jikoni hufinya macho, jua linaloakisiwa na maji pale mwalo wa Kibirizi humfanya kila mtu akunje uso, harufu ya dagaa waliolowa na mvua hukunja pua kwa namna inayofanana kabisa na kinyaa, na taa hafifu ya usiku huacha nusu ya uso gizani. Kwa hiyo kaka yangu, akirudi ziwani, husimama mlangoni na kusema: "Nimechoka, macho yananiuma, sina neno na mtu." Sentensi hiyo moja imetuokolea asubuhi nyingi kuliko ushauri wote tuliowahi kupewa. Kwa mazungumzo mazito, kaeni mahali penye mwanga wa kutosha, mtazamane kwa upande badala ya ana kwa ana, na umweleze mapema kwamba utakuwa ukifikiri huku umenyamaza.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu kwa miaka mingi. Akikuambia, "Umenikasirikia," usikimbilie kukana. Jiulize kwanza kama ni kweli. Mara nyingi ameona kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiri: ulikuwa umeudhika kidogo, au umechoshwa naye, na uso ukatangulia ulimi. Ukisema "hapana, sina kitu" huku taya zimekaza, unamfundisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba macho yake hayaaminiki na kwamba wewe nawe huaminiki. Linehan aliandika kwamba tatizo hili hukua pale mtu aliyezaliwa na hisia kali anapolelewa mahali ambapo hisia zake hukanwa au kudharauliwa kila mara. Nilipolielewa hilo nilimwomba mdogo wangu radhi, kwa kuwa nilikumbuka ni mara ngapi nilimwambia anaota.

Jibu zuri lina sehemu tatu: kile ulichohisi, ukubwa wake, na kwamba uhusiano upo palepale. Kwa mfano: "Ndiyo, nimeudhika kwa ajili ya ndoo ya maji iliyomwagika. Ni kidogo, kitaisha kabla ya chai. Wewe ni mdogo wangu na siendi popote." Ikiwa kwa kweli hukuwa na hasira, bado usianze kwa kumsahihisha. Sema, "Naona kuna kitu umekiona usoni kwangu, niambie ni wapi." Akisema ni kwenye nyusi, mweleze nyusi zilikuwa na nini. Sauti yako iwe ya kawaida, wala usitabasamu kwa kulazimisha, kwa sababu tabasamu la mdomo lisilofika machoni atalikamata mara moja.

Yaliyo juu ya mwenyewe

Mazoezi yafanywe siku za utulivu, na yeye ndiye aamue kama anataka. Zoezi tulilolibuni nyumbani, na ambalo ninalipenda kuliko yote, linatumia picha za vitambulisho. Kila mtu mzima ana picha ya pasipoti au ya kitambulisho cha taifa, na katika picha hizo karibu kila mtu ana uso tulivu. Zipangeni mkekani. Mwenye tatizo aseme kila mtu alikuwa akihisi nini, kisha mwenye picha aeleze alichokuwa akiwaza siku ile. Mama yetu, ambaye mdogo wangu alimsoma kuwa na dharau, alisema alikuwa na njaa na foleni ilikuwa ndefu. Rudieni kwa wiki kadhaa hadi aufahamu uso wa kawaida wa kila mtu wa nyumbani, kwani kuna watu ambao nyusi zao ziliumbwa zimeinama na wengine ambao midomo yao hushuka pembeni hata wakiwa na furaha.

Zoezi la pili ni la daftari. Agawe ukurasa katika sehemu tatu. Ya kwanza aandike alichokiona kwa macho tu, kama vile "nyusi zilishuka, akatazama mlango". Ya pili aandike maana aliyoipa, kwa mfano "anataka niondoke". Ya tatu aandike maana nyingine mbili zinazowezekana, kama vile kwamba alikuwa akimsubiri mtu au amesikia kelele nje. Mwanzoni sehemu ya kwanza na ya pili humchanganya, akaandika "alinitazama kwa chuki" kana kwamba chuki ni kitu kinachoonekana kama nyusi. Umsaidie kuzitenganisha kwa upole, bila kumkosoa mbele ya watu. Ujuzi huu wa kuupima ukweli wa jambo kabla ya kulitendea kazi ni sehemu ya tiba ya Linehan.

Kisha inabaki kuuliza, na hapo adabu zetu zina njia zake. Rika humuuliza mwenzake moja kwa moja: "Nimeona umenyamaza, kuna nililokukosea?" Lakini binti hawezi kumwendea shangazi au baba mkwe na kumuuliza kuhusu uso wake, na katika malezi yetu kijana hata hamkazii macho mkubwa anapoongea naye. Mdogo wangu huniuliza mimi kwanza, nami humwendea mkubwa huyo na kurudi na jibu. Pasipo mtu wa kutumwa, anaweza kusubiri baada ya chakula na kusema, "Shikamoo shangazi. Naomba kuuliza kama kuna jambo nililokuudhi, ili nijirekebishe." Tumegundua kwamba wazee wengi hufurahi kuulizwa hivyo.

Jicho likiwa limenasa na moyo unakwenda mbio, maswali hayasaidii. Kwanza autulize mwili. Ageuze macho kutoka usoni kwenda kwenye mikono ya yule mtu, kisha miguu, kisha vitu vitano vilivyomo chumbani, huku akitoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta. Beseni la maji baridi pia linafaa: akiinamia na kuutia uso majini kwa sekunde chache huku amezuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua. Mwenye ugonjwa wa moyo asilifanye hilo bila kumuuliza daktari.

Lini uende hospitali

Mazoezi haya ni ya nyumbani na hayachukui nafasi ya tiba. Akisema anataka kufa, akijikata au akijichoma, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari na sumu za shambani, na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo. Kwa walio mkoani kwetu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndipo pa kuulizia huduma ya afya ya akili, na wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, ikiwamo ya hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Hakuna dawa iliyothibitishwa mahususi kwa tatizo hili. Dawa hutolewa kwa dalili zinazoambatana nalo, na msingi wa tiba ni mazungumzo na mafunzo ya muda mrefu. Tafiti zilizowafuata wagonjwa kwa miaka kumi na zaidi zimeonyesha kwamba walio wengi hupungukiwa na dalili kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na tatizo hili.

Ukienda kliniki, lichukue daftari lile. Mtaalamu atapata humo jambo ambalo mazungumzo ya nusu saa hayawezi kumpa: ni nyuso za nani zinazomnasa, saa ngapi, na katika mwanga gani. La mdogo wangu lilionyesha kwamba siku nyingi mbaya zilianza alfajiri, kaka anaporudi kutoka ziwani, na kwamba katika usiku wa mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wanapopumzika na kaka analala nyumbani, kurasa zilikuwa karibu tupu.