SOMO: Kupanga safari ya ndege majivu ya volkano yakiwa angani

Wakuu, tangu Hayli Gubbi ya kule Afar, Ethiopia, ilipuke Novemba 2025 na majivu yake yavuke Bahari ya Shamu hadi Yemen, Oman na India, kila wiki kuna kijana ananifuata inboksi na swali lile lile: majivu yakiwa angani, safari inapangwaje? Naandika mara moja. Kazi yangu ni kupanga safari hapa Dar, na mfano wangu ni Dar–Dubai.

1. Fungua taarifa ya majivu ya kituo cha Toulouse, Ufaransa, ndicho kinachohudumia anga letu. Soma na SIGMET, yaani tahadhari za hatari za hali ya hewa, za kila anga utakalopita.

2. Saa zote humo ni Z. Ongeza tatu. 0900Z ni saa sita mchana hapa.

3. Chora wingu lilipo sasa, na litakapokuwa baada ya saa 6, 12 na 18. Fuata mchoro wa saa ambayo ndege itafika pale, si saa ya kuruka.

4. Kimo. Hapa ndipo nilipochemka. Mwaka wangu wa kwanza taarifa ilisema majivu yanaishia futi 25,000, na ndege yangu inapita 37,000. Nikanyoosha mstari juu ya wingu, mafuta yakapungua, nikajisifu moyoni. Kapteni akaja na karatasi, akagusa kwa kalamu duara nililolipaka wino mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe: "Hewa ya kabini ikitoka hapa, nashukia wapi?" Nilikosa la kusema. Hewa ikitoka, rubani hushuka upesi hadi kama futi 10,000 watu wapumue. Injini moja ikizima, kimo kile hakishikiki tena. Yaani dharura yoyote ingewatumbukiza kwenye majivu. Na yale si ya jikoni, ni vipande vya mwamba na kioo: yanayeyuka ndani ya injini, kisha yanaganda kwenye mapanga ya tabini. Mwaka 1982 Boeing 747 ya British Airways ilizimikiwa injini zote nne karibu na Java kwa majivu ya Galunggung. Ziliwaka tena baada ya kushuka na kutoka winguni.

ONYO: usipite juu kama hujui utashukia wapi. Usipite chini pia, majivu yanaanguka. Zunguka upande upepo unakotokea.

5. Hesabu mafuta upya, ya mzunguko na ya kugeuza njiani. Hakikisha uwanja wa akiba nao haumo winguni.

6. Mpitishe kapteni kwenye ramani kabla hajatia sahihi.

MASWALI

Mtoto wa Kipawa: Mkuu, kwa nini wasipite juu tu?

Jibu: Hatua ya 4.

Mtoto wa Kipawa: Nimeisoma juu juu.

Jibu: Juu juu ndiyo iliyoniponza hata mimi.

Fundi Redio: Rada ya ndege haiyaoni? Mbona mvua inaiona?

Jibu: Swali zuri sana. Rada ile inatafuta matone ya maji. Majivu ni makavu na madogo mno, hairudishiwi kitu. Usiku hata jicho halioni. Rubani atasikia harufu kama ya kiberiti kilichowashwa, ataona vumbi kabini na cheche zikicheza kwenye kioo cha mbele. Hapo anapunguza nguvu ya injini ili joto lishuke, anageuza alikotoka. Hapandi.

Binti Engaresero: Kwetu ni chini ya Ol Doinyo Lengai, mwaka 2007 tuliuona ukilipuka. Ukirudia leo, Dar itafungwa?

Jibu: KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na Arusha ndiko karibu, wangeanza wao kuhangaika. Ila tazama upepo wa juu. Huu unaopeperusha nguo kambani na ule wa futi 30,000 huenda kila mmoja na njia yake.

Binti Engaresero: Asante. Na mwenye bati akung'ute kabla ya mvua, majivu yakilowa yanalemea paa.

Jibu: Hilo sikulijua. Wa magari nao wasiwashe waipa, kioo kitachunika. Mwagieni maji kwanza.

Mtoto wa Kipawa: Mkuu, hatua ya 2, Z ni Zanzibar?

Jibu: Ni Greenwich. Ingekuwa Zanzibar, hiyo tatu ungeongeza ya nini?